Jinsi ya kufuatilia historia ya neno la Kiingereza lililokufa: mfano wa "fatigate"

Ukisoma Kiingereza cha karne ya 16 utakutana na maneno ambayo hakuna mwalimu wa sekondari aliyewahi kukutajia: obtestate, ingent, fatigate. Wasomi wa wakati ule waliyachota kwenye Kilatini, wakayatumia kwa fahari, kisha yakapotea. Mimi hutafsiri maandishi ya zamani, kwa hiyo kuyasaka maneno ya aina hii ni sehemu ya kazi yangu. Hapa nitakuonyesha ninavyofanya, kwa neno moja tu: fatigate, yaani kuchosha, au aliyechoka, kutegemea limekaa wapi katika sentensi. Huhitaji kununua kitu. Intaneti na daftari vinatosha.

Hatua ya 1: Anza na sentensi, kamusi baadaye

Nakili sentensi nzima ulimolikuta neno, pamoja na mwaka, na nani anamwambia nani. Usiridhike na sentensi moja. Mimi nilianza na hizi mbili.

Ya kwanza imo katika kitabu cha Thomas Wilson kuhusu ufasaha, cha mwaka 1553. Wilson alichukia wasomi waliojaza Kilatini kila mahali, akabuni barua ya kuwadhihaki: mtu wa Lincolnshire anaomba nafasi ya ukasisi iliyo wazi, na kila neno lake zito kama jiwe la kusagia. Karibu na mwisho anasema hataki tena ku-fatigate akili ya bwana mkubwa kwa maneno mengi yasiyo na maana. Waingereza waliyaita maneno kama haya maneno ya kidau cha wino, kwa kuwa enzi hizo wino ulitiwa kwenye pembe ya mnyama, na neno refu lilimaliza wino mwingi.

Ya pili ni ya Shakespeare, katika Coriolanus, tamthilia iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1623. Jemadari Cominius anamsifu Coriolanus kwamba katikati ya vita moyo wake uliuhuisha tena mwili uliokuwa fatigate. Hapa hakuna anayecheka. Neno lilelile la dhihaka sasa linabeba sifa za shujaa. Weka alama hapo, tutahitaji jambo hili.

Hatua ya 2: Pasua neno, ujue limeingilia mlango gani

Watu wengi huishia kusema "limetoka Kilatini" wakafunga daftari. Hiyo haitoshi, maana Kilatini kiliingia Kiingereza kwa milango miwili: moja kwa moja kutoka vitabuni, au kwa kupitia Kifaransa.

Kitenzi cha Kilatini ni fatigare, kuchosha. Aliyekwisha kuchoshwa ni fatigatus. Waingereza walikata mwisho wa fatigatus wakabaki na fatigate. Kwa hiyo neno lilikuwa tayari na maana ya "aliyechoka" kabla hujaliongeza chochote, ndiyo maana Shakespeare hakulitia d mwishoni kama tunavyofanya leo kwa tired. Ukiona neno la zamani lenye -ate limesimama kama kivumishi bila d, mara nyingi limetoka moja kwa moja kwenye Kilatini cha vitabuni.

Wafaransa nao walikuwa na fatiguer, bila ile -at- ya mwisho. Kutoka huko Kiingereza kikapata fatigue. Mzizi mmoja, milango miwili.

Hatua ya 3: Panga kamusi kwa miaka

Fungua kamusi kuanzia ya zamani zaidi. Robert Cawdrey alitoa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza mwaka 1604, ya maneno magumu tu, kama 2,500 hivi. Henry Cockeram alifuata mwaka 1623. Samuel Johnson alitoa yake mwaka 1755. Chuo Kikuu cha Toronto kina hifadhi ya mtandaoni ya kamusi za enzi hizi, na sehemu yake kubwa unaweza kuisaka bila malipo.

Usidanganyike ukidhani neno likiwa kwenye kamusi basi lilikuwa hai. Johnson analo fatigate, ila angalia shahidi wake, yaani mfano aliounukuu: ni mstari uleule wa Coriolanus, uliochapwa zaidi ya miaka 130 kabla yake. Mtunga kamusi akikosa mfano wa watu wa zama zake, shuku. Kamusi ya Webster ya mwaka 1913 inamaliza ubishi: inaliwekea alama ya neno lililokwisha kutumika, na mashahidi wake ni Shakespeare na mwandishi Thomas Elyot, aliyefariki mwaka 1546.

Hatua ya 4: Jihadhari na mashine

Chapa za zamani zina s ndefu inayofanana na f. Programu inayogeuza picha za kurasa kuwa maandishi huchanganya herufi hizo, hivyo satiate hutokea kama fatiate, na jicho lililochoka hulipokea kama fatigate. Fungua picha ya ukurasa wenyewe kila mara. Tena, fatigate ni neno halali la Kilatini, amri kwa watu wengi: "chosheni!" Ukisaka kwenye Google Books, vitabu vya Kilatini vitakujazia hesabu, pamoja na kila toleo jipya la Shakespeare. Vyote hivyo vitoe.

Hatua ya 5: Mtafute aliyechukua nafasi yake

Maelezo utakayoyasikia mara nyingi ni kwamba maneno haya yalikufa kwa kuchekwa. Siyaamini. Kwanza, tumeona Shakespeare akilitumia bila mzaha baada ya Wilson. Sababu ya pili imo kwenye sentensi ileile ya Wilson. Soma maneno mengine aliyoyadhihaki humo: relinquish, intelligence, frivolous, verbosity. Yote yako hai leo, hata kwenye magazeti. Yalichekwa pamoja, likafa moja.

Kilichotofautiana ni ushindani. Fatigate lilikuwa tayari na tire na weary, maneno ya asili ya Kiingereza yaliyoenea kwa wote. Karne ya 17 likaja fatigue, fupi zaidi, lenye maana ileile, na lugha haikuwa na haja ya yote mawili. Hakikisha kwa kutazama ndugu yake ambaye fatigue haikuchukua nafasi yake: indefatigable, asiyechoka. Mshairi Milton alilitumia mwaka 1667 kuyaeleza mabawa ya malaika mwasi, na hadi leo linatumika.

Hatua ya 6: Andika

Mistari minne inatosha: umbo la Kilatini na mlango, shahidi wa mapema uliyemwona kwa macho, shahidi wa mwisho ambaye hanukuu wengine, na mshindani. Ukitaka mazoezi, ingent na obtestate yamo katika barua ileile ya Wilson. Anza na ingent, maana Kilatini chake, ingens (kubwa mno), ni rahisi kukipata, na washindani wake ni wengi.