SOMO: Kiingereza unakisoma ila hukisikii? Anza hapa, nimechoka kujibu mmoja mmoja

Wakuu, salaam.

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tisa swali lilelile: "Nimemaliza fomu foo, gazeti la Kiingereza nalisoma vizuri, ila mzungu akifungua mdomo natoka kapa. Nifanyeje?" Kuanzia leo atakayeuliza namtupia huu uzi. Nimekaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni Moshi miaka sita, wateja wengi wapanda mlima, kwa hiyo haya ni yaliyonikuta mwenyewe.

HATUA YA 1. Tenga nusu saa kila siku. Siyo saa tatu za Jumapili.

HATUA YA 2: KUSOMA. Soma kilicho chepesi kuliko unavyojiona. Fungua ukurasa mmoja, kila neno usilolijua kunja kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kirudishe, tafuta kingine. Mimi nilianza na mpira: asubuhi ya baada ya mechi ya Simba na Yanga nasoma Mwananchi, kisha naitafuta mechi hiyohiyo kwenye The Citizen. Matokeo nayajua, mfungaji namjua, penalti iliyoleta kelele naijua. Kinachobaki ni Kiingereza tu. Neno "equaliser" sikulitafuta kwenye kamusi. Nilikuta limekaa palepale bao la kusawazisha linapokaa.

HATUA YA 3. Kwenye daftari andika sentensi nzima uliyolikutia neno, usiandike neno na tafsiri yake.

HATUA YA 4: KUSIKILIZA. Someni taratibu, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka mzima niliacha redio ya Kiingereza ikiongea nikiwa nafua, nikiwa napika, nikiwa nalala. Nilidhani itaingia yenyewe. Haikuingia kitu. Usiku mmoja mgeni akapita mapokezi akaniambia niwaamshe yeye na mkewe "five fifteen", basi lao la Dar linaondoka saa kumi na mbili kamili. Nikaitikia "yes, yes", nikaandika kwenye daftari la zamu: 5:50. Nimegonga mlango saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, jamaa katoka na pajama, kaangalia saa, hakusema neno. Basi lilishaondoka walipofika stendi. Tiketi mbili mpya zilikatwa kwenye mshahara wangu.

Kosa lilikuwa wapi? Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na sikio letu limezoea kusubiri hapo. Muingereza "fifty" anaisukuma mwanzoni, na "fifteen" mara nyingi anaivuta mwishoni. Mimi zote mbili nilikuwa nazitamka "FIFti", na masikio yangu yalikuwa yanasikia kile mdomo wangu unachotamka. Isitoshe, silabi isiyo na mkazo wao wanaimeza. "Comfortable" kwa macho ina silabi nne, mdomoni ni "KAMF-ta-bol". Sisi tunaitamka kila vokali kwa heshima yake. Wao hapana.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua sauti ya DAKIKA MOJA yenye maandishi yake. 6 Minute English ya BBC wanaweka maandishi. Ikikushinda kasi, tafuta rekodi za Sauti ya Amerika: tangu 1959 walikuwa na vipindi vya Kiingereza cha polepole, kwa msamiati wa maneno kama 1,500 hivi. Sikiliza mara tatu bila kuangalia chochote. Mara ya nne andika unachosikia, neno kwa neno, ukisimamisha kila sentensi. Ndipo ufungue maandishi na kalamu nyekundu. Kila palipo na wekundu, rudia ukitamka pamoja na msemaji, umfuate kama kivuli, umeze pale anapomeza.

Maonyo:
Usifungue maandishi kwanza. Ukishayaona, macho yanalidanganya sikio na utaapa umesikia.
Usianze na muvi. Mlipuko, muziki na watu wawili wanaoongea kwa pamoja ni mtihani wa mwisho. Zile za madijei wanaotafsiri juu yake ndiyo kabisa, hapo unajifunza Kiswahili.
Namba, saa na bei usiitikie "yes". Rudia: "Five fifteen? One-five?" Ningesema maneno mawili hayo nisingekatwa mshahara.

HATUA YA 5: KUONGEA. Jirekodi dakika moja kwenye simu ukieleza kwa Kiingereza mama yako ni mtu wa namna gani, kesho baba yako, keshokutwa wote wawili. Kwa nini wazazi? Kwa sababu "a-" yetu inabeba mwanamke na mwanaume, kwa hiyo ukichangamka tu unamwita mama "he". Ukijisikiliza utacheka, halafu utaacha. Baada ya wiki mbili tafuta mwenzako mmoja, mtumiane sauti. Mmoja anatosha. Magrupu ya watu mia mbili ni salamu na matangazo ya biashara.

Karibuni maswali, ila SOMENI KWANZA.

—

Kijana wa Kona: Mkuu uzi mrefu sana, sijamaliza. Nina intavyuu Jumatatu, naomba PDF ya kuongea Kiingereza fasta.

Mleta somo: Haipo. Hatua ya 5, anza leo, badala ya wazazi jielezee wewe na kazi uliyowahi kufanya. Una siku nne.

Mama Pacha: Asante sana kaka. Mimi nina swali, Mkenya au Mnaijeria akiongea Kiingereza namwelewa karibu yote, Muingereza simwelewi. Ni kasi?

Mleta somo: Dada yangu, swali zuri. Kasi ni sehemu ndogo. Wengi wetu Waafrika tunapoongea Kiingereza tunazipa silabi urefu unaokaribiana, kama ngoma inayopigwa sawasawa. Muingereza anapiga maneno mazito tu, madogo yanabanwa katikati. Jaribu "can": akisema "I can do it" utasikia "ai kn DU it". Akikataa, "I can't do it", Mmarekani hiyo "t" mara nyingi huisikii, ila neno lenyewe linakuwa zito na refu. Kwa hiyo usitafute "t", sikiliza uzito. Mteja akisema "we KAAN", ujue hawezi. Nilikaa muda mrefu sana bila kujua hilo.

Mama Pacha: Kumbe! Na mwanangu wa darasa la nne nimfanyie hivyohivyo?

Mleta somo: Mtoto usimpe kalamu nyekundu, atachukia. Msomee kwa sauti hadithi ileile kila usiku. Yeye mwenyewe ataanza kukusahihisha, vumilia.

Mzee wa Hoja: Kama Kiingereza unakijua, mbona somo umeandika Kiswahili?

Mleta somo: Anayehitaji somo hili angelisomaje kwa Kiingereza? Na Kiswahili ndicho nilichotumia kukopa pesa ya kufidia mshahara uliokatwa, nina haki nacho. Swali linalofuata.

Mzee wa Hoja: Usikasirike mzee, nauliza tu.

Mleta somo: Sijakasirika.

Utingo Mstaafu: Bando la kusikiliza kila siku nalitoa wapi?

Mleta somo: Sauti ya dakika sita ni ndogo, ipakue mara moja ikae kwenye simu. Dakika moja kwa siku, unatumia faili moja siku sita. Video ndiyo inayokula bando.

Msomaji wa Posta: Naongezea kwa walioko Dar: wauza vitabu vya mitumba mjini Posta wana hadithi za watoto za Kiingereza kwa bei ya soda mbili. Ukionyesha unataka kitabu fulani bei inapanda, jifanye unaangalia angalia tu.

Mleta somo: Hii nimeipenda. Na ukipata chenye jina la mtoto limeandikwa ndani kwa penseli, ujue ndicho cha kiwango chako, usione haya.

Mama Pacha: Nimerudi na majibu. Nimefanya dakika moja, nina wekundu sehemu 23. Moja imenichekesha: nimeandika "a napple", nikatafuta kwenye kamusi, haipo. Kumbe "an apple"!

Mleta somo: Hahaha, umeingia mtego ambao Waingereza wenyewe waliingia. Hii "apron" ya jikoni, ambayo sisi tunaiita aproni, zamani ilikuwa "napron". Watu walisikia "a napron" wakadhani ni "an apron", ikabaki hivyo mpaka leo. Sehemu 23 kwa siku ya kwanza ni chache, mimi sikuthubutu hata kuhesabu. Kesho rudia dakika ileile kabla hujaenda ya pili, utuambie zimebaki ngapi.

Kijana wa Kona: Mkuu hiyo ya napron iko kwenye PDF gani?