Kabla hujachomeka bango la mgombea mbele ya nyumba yako Marekani

Bango langu la kwanza la kampeni hapa Minnesota halikumaliza siku tatu. Nilirudi kutoka zamu ya usiku, nikakuta matundu mawili tu kwenye nyasi. Moja kwa moja nikamshuku jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye bango lake lilikuwa la chama kingine. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumwambia, mzee mmoja anayetembeza mbwa akaniwahi: wameling'oa watu wa manispaa.

Kosa lilikuwa langu. Nililichomeka kwenye kile kipande cha nyasi kati ya njia ya miguu na barabara. Nyasi hizo nazifyeka mimi, na theluji ya mbele ya nyumba naizoa mimi, lakini ardhi si yangu. Ni hifadhi ya barabara. Aliyewahi kuona nyumba iliyopigwa X nyekundu kule Tanzania hahitaji maelezo zaidi. Nilikwenda kulichukua kwenye yadi ya manispaa, nikalikuta limeegemezwa ukutani pamoja na mabango ya vyama vyote, yametulia kuliko wenye nayo.

Tangu Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, achaguliwe mwaka 2024 kuingia bunge la jimbo letu la Minnesota kutoka eneo la Brooklyn Park, maswali ya mabango hayaishi kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Watu huuliza bango linaruhusiwa kusema nini. Mimi huwauliza kwanza: litasimama kwenye ardhi ya nani?

Kama nyumba ni yako na haiko chini ya chama cha wenye nyumba, yaani HOA, una kinga kubwa. Mwezi Desemba 1990, mama mmoja wa Ladue, Missouri, Margaret Gilleo, aliweka mbele ya nyumba yake bango la kupinga vita vya Ghuba. Mji ukamwambia ni marufuku. Akaenda mahakamani, na mwaka 1994 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakampa haki: mji hauwezi kumfungia mtu mdomo nyumbani kwake. Mwaka 2015, katika kesi iliyotoka mji wa Gilbert, Arizona, mahakama hiyohiyo ikasema mji hauwezi kuyabagua mabango kwa kuangalia yanasema nini. Unaloweza kuwekewa ni masharti ya ukubwa, ya umbali kutoka barabarani, na ya kutoziba macho ya madereva kwenye kona.

Minnesota ni wakarimu. Mwaka wa uchaguzi mkuu wa jimbo, kuanzia siku 46 kabla ya kura za mchujo za vyama hadi siku 10 baada ya uchaguzi, manispaa haiwezi kukuwekea kikomo cha ukubwa wala idadi ya mabango yasiyo ya biashara. Kwa mwaka 2026, hiyo ni 26 Juni hadi 13 Novemba. Nje ya muda huo, sheria ndogo za mji wako zinarudi kazini, kwa hiyo piga simu ofisi za mji uulize. Ila ukarimu huo haufiki kwenye hifadhi ya barabara kuu. Huko wafanyakazi wa idara ya uchukuzi ya jimbo wanang'oa bila kujali ni la nani. Pasipo na njia ya miguu, hifadhi huweza kuingia hatua kadhaa ndani ya nyasi unazodhani ni zako. Mimi siku hizi nalisogeza karibu na nyumba, yakaisha.

Kwenye HOA mambo hubadilika. Katiba inaibana serikali. Haikibani chama ulichojiunga nacho siku uliponunua nyumba. Hapo utategemea sheria ya jimbo. Texas, kwa mfano, HOA haiwezi kukukataza kuanzia siku 90 kabla ya uchaguzi hadi siku 10 baada yake. Lakini inaweza kukubana uweke bango moja tu kwa kila mgombea, lisimame ardhini, lisizidi futi 4 kwa 6, lisifungwe kwenye mti wala gari, na lisisindikizwe na muziki. Naam, muziki umeandikwa kwenye sheria. Waliozoea kampeni za gari lenye spika na ngoma, poleni.

Mpangaji asome mkataba kwanza. California inamlinda: mwenye nyumba hawezi kumkataza bango la uchaguzi lisilozidi futi 6 za mraba. Usidhani kila jimbo liko hivyo.

Vijana wetu walio jeshini: ukiwa askari kamili na unakaa kwenye nyumba ya kambini, bango la mgombea wa chama haliruhusiwi, hata kama nyumba hiyo inaendeshwa na kampuni binafsi. Stika ndogo kwenye gari lako ni sawa.

Sasa fedha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Asiye raia na asiye na grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, haruhusiwi kutoa wala kutumia fedha kwenye uchaguzi wowote, wa rais hadi wa diwani. Mwanasheria mmoja Mkanada mwenye viza ya kazi alitaka tu kuchapisha vipeperushi agawe Central Park, New York. Mahakama ilimkatalia mwaka 2011, na Mahakama ya Juu ikaafiki mwaka 2012. Kwa hiyo mwenye viza ya masomo au ya kazi asinunue bango, asichapishe, asichangie hata dola 5. Kujitolea bila malipo kunaruhusiwa. Mwenye grini kadi anaweza kuchangia, lakini asiguse kura: asiye raia akipiga kura ya rais au ya Kongresi, ni jinai na anaweza kufukuzwa nchini. Kijana wa kampeni akija mlangoni na tableti, akakuuliza kama akuandikishe kuwa mpiga kura, mwambie wewe si raia, na usitie saini chochote.

Siku ya kura, usiegeshe gari lililojaa mabango mlangoni mwa kituo. Minnesota na Texas kampeni inakomea futi 100, kama mita 30 hivi.

Ukitaka kusimamisha lile bango kubwa la nguzo za mbao, piga 811 siku chache kabla ya kuchimba. Ni bure, na watakuja kukuwekea alama palipopita gesi na umeme. Haya madogo ya waya hayana shida. Uchaguzi ukiisha nayang'oa mapema, na waya zake nazitunza hadi kiangazi. Nyanya zangu za bustanini zinasimamia hizo.