Pete ya almasi moja: namna ya kuichagua Nairobi bila kununua namba

Haipiti wiki bila kijana kuegemea kaunta yangu na kusema, "Fundi, nataka karati moja." Namuuliza mchumba wake anavaa saizi gani. Kimya. Anapenda dhahabu ya njano au nyeupe? Kimya tena. Karati, yaani uzito wa jiwe, anayo kichwani, mwenye kidole hana habari naye. Mimi huanza na kidole.

Hatua ya 1: Pima kidole

Azima kisirisiri pete anayoivaa kwenye kidole cha pete chenyewe. Niliwahi kupokea pete ya kupimia bila kuuliza imetoka kidole gani, kumbe ni cha kati. Binti alivishwa Jumamosi, na Jumapili pete ikamchomoka akinawa mikono kabla ya kula. Bahati iliangukia kwenye beseni. Niliipunguza bure, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kumbuka pia hali ya hewa. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi vidole hunywea, na ukishuka Mombasa huvimba. Pima mchana, mwili ukiwa na joto lake la kawaida.

Halafu fikiria kazi ya mikono hiyo. Muuguzi anayevaa na kuvua glavu siku nzima hafai kupewa jiwe lililopandishwa juu kama mnara.

Hatua ya 2: Ya mgodini au ya maabara?

Zote mbili ni almasi. Ya maabara, inayotengenezwa na watu badala ya kuchimbwa, ni kaboni ileile yenye ugumu uleule, na hata mimi siwezi kuitofautisha na ya mgodini kwa jicho wala kwa lenzi. Hiyo ni kazi ya mashine za wapima vito. Tofauti kubwa utaiona kwenye bei: ya maabara ni rahisi zaidi kwa mbali, lakini ukitaka kuiuza kesho utapata kidogo sana. Chagua unayoitaka, mradi uambiwe ukweli na risiti iandikwe hivyo.

Moisanaiti ni jiwe jingine kabisa. Linapendeza, lakini usiuziwe kama almasi. Kile kikalamu cha kupima joto ambacho wauzaji wengi wanacho kinaweza kuliita almasi, kwa hiyo kisikutulize. Omba lenzi ya kukuza mara 10, ulitazame jiwe kwa pembeni: kwenye moisanaiti mistari ya nyuso za chini huonekana miwili-miwili. Kulipima jiwe kwa kulipulizia pumzi au kulitumbukiza kwenye glasi ya maji waachie watu wa TikTok.

Hatua ya 3: Mkato kwanza, uzito baadaye

Hapa usiwe na haraka. Karati ni uzito tu: karati 1 ni gramu 0.2. (Usiichanganye na karati ya dhahabu, ambayo hupima usafi. Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu halisi kati ya 24.) Uzito huo unaweza kujificha chini, mahali ambapo hakuna atakayeuona.

Mteja mmoja nilimwekea mawe mawili ya duara juu ya karatasi nyeupe iliyokunjwa. La kwanza lilikuwa na karati 1.01, la pili 0.90. Nikampa kipimo apime mwenyewe: yote mawili milimita 6.2 upana. La kwanza lilikuwa limeachwa nene, kina chake asilimia 66 ya upana, na katikati lilikuwa na kiwingu cheusi kama mboni ya jicho. La pili lilikuwa na kina cha asilimia 61 hivi, na lilimeta hadi pembeni. Akaniuliza, "Sasa hii kubwa inanipa nini?" Inakupa neno "moja", nikamwambia, na unalilipia, maana bei ya kila karati huruka jiwe likigusa namba kamili.

Kwa jiwe la duara, tafuta cheti chenye daraja la juu kabisa la mkato. Kwenye vyeti vya almasi za mgodini vya GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, limeandikwa Excellent. Kina kiwe kati ya asilimia 59 na 62.5 hivi. Kisha teremka kidogo kwenye uzito: 0.90 badala ya 1.00, au 0.46 badala ya 0.50. Shangazi zake hawatakuja na mizani.

Taa za dukani zimechaguliwa makusudi. Chini yake hata kipande cha chupa kinaweza kukupendeza. Omba uitazame pete karibu na mlango, kivulini, ukiikinga kwa kiganja. Askari atakukodolea macho, mwache, ndiyo kazi yake. Almasi iliyokatwa vizuri haizimiki kivulini.

Hatua ya 4: Rangi na usafi

Rangi hupangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z. Kwenye dhahabu ya njano, J inatosha, kwani dhahabu yenyewe huimeza ile njano kidogo. Kwenye dhahabu nyeupe au platinamu, G au H. Usafi ni uchache wa madoa ndani ya jiwe. Daraja la VS2, lenye madoa madogo sana, linatosha watu wengi. SI1, daraja linalofuata chini yake, nayo sawa, mradi doa lisiwe katikati ya uso wa jiwe. Pesa iliyobaki ipeleke kwenye mkato.

Hatua ya 5: Makucha

Pete ya jiwe moja haina mawe mengine ya kuifichia aibu. Jiwe linashikwa na makucha manne au sita. Mimi napendelea sita: moja likikatika, matano yanabaki kazini. Pitisha uzi wa sweta juu yake. Ukinasa, makucha hayajamaliziwa vizuri, na yatanasa nguo kila siku. Gonga pete taratibu karibu na sikio. Ukisikia mtikisiko, irudishe.

Ukichukua dhahabu nyeupe, jua kwamba weupe ule mkali ni wa rodiamu, metali nyeupe iliyopakwa juu. Hulika, na hupakwa upya baada ya mwaka mmoja au miwili, kutegemea mikono.

Hatua ya 6: Karatasi na malipo

Namba ya cheti mara nyingi huchongwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, ule ukingo unaolizunguka. Mwambie muuzaji akuonyeshe kwa lenzi, kisha uitafute namba hiyo kwenye tovuti ya maabara iliyotoa cheti, kwa simu yako, papo hapo. Ukilipa kwa M-Pesa, tuma kwa jina la biashara, si kwa namba ya mtu binafsi, na risiti itaje namba ya cheti, karati ya dhahabu na kama jiwe ni la mgodini au la maabara.

Akishavishwa, mwambie aivue akikanda chapati. Mafuta hung'ang'ania almasi, na unga ukijaa chini ya jiwe, mwanga hauna pa kupita. Ikififia, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Ila aanze kwa kuziba tundu la sinki.