Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kunyanyua Gari la Fobaifo Nyumbani

Seti ya kunyanyulia gari hufika ikiwa ndani ya maboksi machache: springi, shokapu, pengine na mfuko wa bolti na bushi mpya (mipira midogo ya kwenye viungo). Mtu akivitazama vitu hivyo vimepangwa sakafuni, ni rahisi aamini kwamba kazi yote ni kutoa vya zamani na kufunga vipya. Lakini kila kitu kinachounganisha ekseli na chesisi, yaani mipira ya breki, propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli), rodi za usukani, nyaya za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande wakati wa breki), kebo ya breki ya mkono na mpira wa kupumulia wa difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu), kilipewa urefu wake kulingana na kimo cha awali cha gari, na siku gari litakaponyanyuka vyote vitavutwa kwa pamoja. Ndiyo maana maandalizi yanapaswa kuanzia kwenye viunganishi hivyo wakati gari bado limesimama kwa magurudumu yake manne, kwa kuwa makosa ya kazi hii hujitokeza kwenye breki na usukani, mahali ambapo hakuna mtu anayetamani kuyagundua akiwa barabarani.

Jambo la kwanza ni kuamua kimo, na uamuzi huo uongozwe na aina ya gari kuliko mwonekano unaoutamani. Gari lenye ekseli nzima mbele huvumilia kunyanyuliwa zaidi ya gari ambalo kila gurudumu la mbele lina mikono yake, kwa sababu katika hili la pili shafti za mbele hulazimika kukaa kwa pembe kali, na sivi jointi, yaani viungo vya shafti hizo, zinazozunguka kwa pembe kali huchakaa haraka na kupasua mifuko yake ya mpira. Kwa magari mengi ya aina hiyo, takriban milimita 50 ndicho kimo ambacho mtu anaweza kukifikia nyumbani bila kulazimika kushusha difu au kubadilisha mikono ya juu. Iwapo seti yako ni ya vipande vya kuongeza urefu vinavyowekwa juu ya strati, yaani shokapu iliyozungushiwa springi, soma maelekezo kwa makini, kwani kipande cha milimita 25 kinaweza kulinyanyua gari karibu mara mbili ya unene wake, kutegemea mahali strati ilipofungwa kwenye mkono wa chini. Wapo walioweka kipande kinene wakidhani wanaongeza kidogo tu.

Pamoja na kimo, fikiria uzito ambao gari hubeba siku zote. Springi huchaguliwa kwa uzito wa kudumu, kama vile ngao ya chuma, winchi, keria au tangi la ziada la mafuta, wala si kwa mzigo wa safari moja ya mwaka. Springi ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lenye winchi ikifungwa kwenye gari lisilo nayo, pua ya gari hukaa juu, magurudumu hurukaruka kwenye njia mbovu na mshiko hupungua. Kagua pia alama zilizo kwenye springi zenyewe, kwa maana seti nyingine huwa na springi ya upande wa dereva iliyo tofauti na ya upande wa pili.

Kisha pima. Simamisha gari mahali tambarare, upime kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi kwenye kona zote nne, uandike namba hizo na upige picha. Kipimo cha kutoka ardhini hakifai sana, kwa kuwa hubadilika kila matairi au upepo wake unapobadilika. Bila namba hizo hutajua baadaye kama gari limenyanyuka sawasawa, wala hutaweza kutofautisha hitilafu ya springi mpya na mwinamo uliokuwepo tangu zamani. Siku hiyohiyo lala chini ya gari ukague boli jointi, ncha za rodi za usukani na bushi, kwa sababu kilicholegea kidogo katika kimo cha kawaida hulegea zaidi kinapofanya kazi kwa pembe mpya.

Breki ndizo ninazoziwekea uzito mkubwa kuliko jambo jingine lolote. Mpira wa breki unapaswa kubaki na ulegevu hata ekseli ikiwa imening'inia hadi mwisho wake na usukani umekatwa hadi upande mmoja. Ukiuona umenyooka kama kamba iliyovutwa, agiza mipira mirefu au vishikio vya kuishusha kabla ya kufungua chochote. Magari mengi ya zamani ya kazi yana pia vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti, ambayo hukisia uzito wa mzigo kwa kuangalia umbali kati ya ekseli na bodi. Springi mpya zikiongeza umbali huo, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma wakati gari limejaa, na dereva asiyejua habari hii anaweza kutembea miezi mingi huku breki za mbele zikibeba kazi yote. Dawa yake ni kishikio kidogo cha kurekebisha kijiti hicho, lakini lazima kiwepo mkononi siku ya kazi.

Usukani nao una hesabu yake. Katika gari lenye ekseli nzima na springi za koili, kuna fimbo ndefu ya pembeni inayozuia ekseli isiende kushoto wala kulia, na gari likinyanyuka fimbo hiyo huivuta ekseli kuelekea upande ambao fimbo imefungwa kwenye chesisi. Wakati huohuo ekseli ya mbele hujizungusha kidogo, na ule mwelekeo unaoufanya usukani urudi wenyewe katikati hupungua, hivyo gari huanza kutangatanga kwenye mwendo mkubwa. Uliza mapema kama kimo ulichochagua kinahitaji fimbo inayorekebishika au bushi za kusahihisha pembe. Propela pia huongezewa pembe, na mtikisiko unaosikika gari linapoondoka mara nyingi hutokea kwenye krosi zake, yaani viungo vya ncha za propela.

Mahali pa kufanyia kazi pawe sakafu ngumu iliyosawazika. Udongo, vigae na mteremko, hata mdogo, havifai. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Kinachobeba gari ni stendi za chuma zenye uwezo unaozidi uzito wake, zikiwa zimewekwa chini ya chesisi ili ekseli ibaki huru kushuka, nayo ekseli ishikiliwe na jeki ya pili ili ishushwe polepole. Hakikisha stendi ni ndefu vya kutosha, kwa kuwa springi mpya zinahitaji nafasi ambayo za zamani hazikuihitaji. Magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa vigingi mbele na nyuma, na usitegemee gia wala alama ya P peke yake: hizo hushika propela, na gurudumu moja la nyuma likiwa hewani difu huliruhusu lile la chini lizunguke, kwa hiyo gari linaweza kusogea likiwa juu ya jeki. Sukuma gari kwa nguvu kutoka pembeni kabla ya kuingia chini; likiyumba, lishushe uanze upya.

Springi iliyobanwa huhifadhi nguvu inayoweza kuua, na kuhusu jambo hili sina namna ya kulainisha maneno. Kama gari lako lina strati, kazi ya kuitenganisha ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kubania, au nunua strati zilizokwisha kuunganishwa. Vibanio vidogo vya kukodi huteleza. Shokapu za gesi nazo zisikatwe wala zisichomwe moto.

Wiki moja kabla ya kazi, nyunyizia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu, urudie kila siku, na uweke alama ya rangi kwenye bolti za kurekebishia pembe za magurudumu. Andaa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, pamoja na jedwali la mikazo la gari lako. Kwa springi za bapa, agiza yubolti (bolti zenye umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli) na nati mpya, kwa maana za zamani zimekwisha kuvutika na hazipaswi kufungwa tena. Andaa waya wa kutundikia kalipa, yaani kibanio cha breki, ili isining'inie kwa mpira wake. Tafuta pia mtu wa kukusaidia, si kwa ajili ya nguvu tu, bali ili asiwepo mtu peke yake chini ya gari.

Bolti za bushi za mpira zisikazwe gari likiwa hewani. Zishikizwe tu, gari lishushwe litikiswe, kisha zikazwe uzito ukiwa juu ya magurudumu. Vinginevyo mpira hubaki umesokotwa muda wote na huchanika mapema. Hii ina maana upange mapema namna ya kuzifikia gari likiwa chini.

Soma sheria ya nchi yako na masharti ya bima kabla ya kulipia seti, kwa kuwa mahali pengi kuna ukomo wa kimo au hitaji la ukaguzi. Gari lenye kamera na rada za usalama huenda likahitaji kupimwa upya vifaa hivyo. Weka miadi ya alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, kabla ya siku ya kazi, na usipange safari ndefu hapo katikati. Tenga muda pia wa kukaza tena nati za magurudumu baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, na yubolti kwa kufuata maelekezo ya seti, na jioni ya kwanza ushushe mwelekeo wa taa za mbele ili zisiwapofushe wanaokuja.