Kabla ya kulipia aplikesheni: jinsi ya kuchagua njia ya kumfikia mteja kwenye simu

Wenye biashara wengi wanaonitafuta huanza na neno moja: "Nataka aplikesheni." Nami huwauliza kwanza: wateja wako wanashika simu gani? Wengi hawajui, na fedha nyingi hupotea kwa sababu hiyo. Tuchukue mfano wa duka la pembejeo na dawa za mifugo pale Makambako, lenye wateja wakulima, wafugaji na wenye maduka madogo ya vijijini.

Hatua ya 1: Zijue simu za wateja

Weka daftari kaunta kwa wiki mbili. Kwa kila mnunuzi andika: ana simu janja au kitochi? WhatsApp anaifungua kila siku au mpaka apate bando? Kaja kutafuta nini?

Swali la bando usiliruke. Mkulima anaweza kuwa na simu janja nzuri lakini data akawasha jioni tu. Ukimtumia WhatsApp asubuhi kwamba mbolea ya kupandia imefika, ataisoma gari la kwenda mjini limeshaondoka. SMS ingemkuta shambani.

Hapohapo muombe ruhusa ya kumtumia ujumbe, na uandike kwamba amekubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Namba ya mteja si mali yako ya kugawa.

Hatua ya 2: Chagua kazi moja

Unataka simu itangaze, ijibu maswali, au ipokee oda? Anza na moja. Malipo usiyajengee mfumo mpya: Lipa Namba (namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu) ipo, na wateja wameizoea.

Hatua ya 3: Tangazo fupi la haraka, tumia SMS

Inafika kwenye kitochi, haihitaji bando. Kampuni inayouza SMS za jumla itakusajilia jina la mtumaji, lisilozidi herufi 11. Kumbuka kwamba mteja hawezi kulijibu jina hilo, kwa hiyo weka namba ya kupiga ndani ya ujumbe.

Sasa jambo linalokula fedha kimyakimya. SMS moja hubeba herufi 160, lakini ukiweka emoji hata moja hushuka hadi 70. Alama ya ritifaa (') nayo ina mtego. Ukiandika "ng'ombe" kwenye programu ya kompyuta inayopinda ritifaa, kisha ukanakili, ile alama iliyopinda inaweza kuuhesabisha ujumbe mzima kama wenye emoji. Tangazo la chanjo lenye herufi 150, ambalo lilikuwa SMS moja, linageuka tatu. Zidisha kwa wateja wote ulionao. Andika ritifaa iliyonyooka, na jitumie mwenyewe kwanza uone umekatwa SMS ngapi.

Hatua ya 4: Maswali na picha, tumia WhatsApp Business

Mfugaji anataka kukuonyesha kidonda cha ng'ombe, na mkulima jani la kiazi lenye madoa. Hapa hakuna kinachoishinda. Jaza katalogi yenye bei, weka saa za kazi na majibu ya haraka.

Orodha ya matangazo huchukua watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Basi muombe aihifadhi akiwa bado kaunta. Usikimbilie kufungua kundi: kila mwanachama ataona namba za wenzake, na mshindani wako anaweza kuwa mmoja wao.

Hatua ya 5: USSD na tovuti

USSD, yaani menyu zinazofunguka kwa kupiga namba za nyota na reli bila bando, inafaa pale wenye vitochi wanapohitaji kuchagua kitu wenyewe, kama kuangalia salio la mkopo wa mbolea. Ukurasa mmoja hubeba herufi 182 hivi na muda wa kujibu ni mfupi, kwa hiyo menyu zisizidi tatu. Ina gharama ya kila mwezi. Duka moja mara nyingi halihitaji. Tovuti iwe ukurasa mmoja mwepesi: bei, ramani, kitufe cha kupiga simu na cha WhatsApp. Ijaribu kwenye simu ya bei nafuu, nje ya mji.

Hatua ya 6: Aplikesheni, ukiwa na wanaorudi kila wiki

Google Play hutoza dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka, na hizo ndizo ndogo. Gharama kubwa ni fundi wa kuihuisha kila mwaka. Mkulima anayenunua mbolea ya kupandia kisha ya kukuzia atakuja mara chache kwa msimu. Simu ikijaa, ataifuta aplikesheni yako abakize picha za wanawe. Mwenye duka la kijijini anayeagiza kila wiki, anayetaka kuona bei ya jumla na deni lake, huyo ana sababu ya kuitunza. Wakifika wengi wa aina hiyo kwenye daftari lako, itisha makadirio ya fundi, na watengenezee wao peke yao.