Kima, waya na tanuri la mkaa: kuhariri mandhari ya nyuma bila kudanganya

Matatizo mengi ya mandhari huondoka kabla hujabonyeza kamera. Kima punju, yaani kima mwekundu wa Zanzibar, yuko juu ya mti wa mkungu kando ya barabara ya Jozani, msitu wa hifadhi kisiwani Unguja, na waya unampita kichwani: sogea hatua mbili kushoto, piga magoti, waya utahama. Tumia lenzi ya milimita 300, tundu lake la mwanga likiwa wazi kwa f/4 au f/5.6. Majani ya nyuma yakiwa mbali naye kwa mita tano hivi, yatalainika yenyewe. Usimrushie kitu ili ahame, wala usivunje tawi.

Ukirudi kwenye kompyuta, mwanga, rangi, kukata pembeni na kufuta doa la vumbi lililokaa kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, havina ubishi. Ubishi unaanza unapoondoa au kuongeza kitu: waya, chupa, mtalii, tawi. Mashindano ya kimataifa ya picha za wanyamapori, Wildlife Photographer of the Year, hayakubali hilo, na faili ghafi la kamera huombwa ili lilinganishwe.

Kabla ya kufuta, jiulize kitu hicho kinamweleza nini mtazamaji kuhusu mnyama. Kima punju wa mashambani hula mkaa. Watafiti wanadhani unawasaidia kuhimili kemikali za majani ya mkungu na mwembe. Tanuri lililo nyuma yake utaliona uchafu, kumbe ndilo habari yenyewe. Tuta la barabarani nalo ni hivyo hivyo: limewekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga. Ukifuta vyote ukabakisha majani, umemhamishia msitu asiokaa.

Kufifisha nyuma kwa programu nako kuna mtego. Kuza picha hadi asilimia 100 utazame nywele nyeupe zinazozunguka uso wa kima: programu huzila, au huziachia ukingo mng'avu. Kisha tazama tawi alilokalia. Kidole kikiwa kikali na gome lililo sentimita mbili kando yake ni ukungu, picha imeharibika, kwa sababu vyote viwili viko umbali mmoja na lenzi haivitenganishi.

Kubadilisha anga ni kubaya zaidi. Popo wa Pemba pale Kidike, hifadhi yao kisiwani humo, huning'inia mchana, na ngozi ya bawa hupitisha mwanga. Ukimwekea mwezi nyuma, bawa linaendelea kung'aa kwa jua la saa kumi. Hata asiyejua popo atahisi kuna kitu hakikai sawa.

Ukiamua kufuta, sema ulichofuta na mahali kilipokuwa: “Kima punju, shamba kando ya Jozani. Waya mmoja umefutwa juu kulia.” Maneno “imehaririwa kidogo” hayasemi kitu, kidogo kiasi gani? Faili ghafi lihifadhi pamoja na nakala iliyohaririwa, hata likila nafasi. Mteja wa bango la hoteli akitaka msitu mtupu, mwambie liandikwe “picha ya kuunganisha”. Akikataa, muuzie nyingine.