Upepo wa Tairi Unapopanda na Kushuka Milima

Geji haipimi msukumo wote ulio ndani ya tairi. Inapima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Kwenye usawa wa bahari, hewa ya nje husukuma kwa takriban psi 14.7 (psi ni kizio cha kupimia msukumo), na kwenye mwinuko wa mita 3,000, takriban psi 10. Ukipanda hadi huko bila kugusa valvu, geji itaongezeka kama psi 4 na nusu. Baridi nayo hupunguza: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, psi 1 hupotea. Ndiyo maana tairi la psi 33 lililojazwa pwani kwenye nyuzi 30 husoma psi 34 na kidogo huko juu kwenye nyuzi 10. Usilitoe upepo.

Kipimo sahihi ni kilekile cha kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, iwe mlimani au bondeni. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, siyo ya kujazia.

Pima asubuhi, gari likiwa limeegeshwa kwa saa 3 au zaidi, na jua halijapiga matairi. Bonyeza geji wima hadi mlio wa upepo ukatike, soma, kisha rudia; namba zikitofautiana, geji haikukaa vizuri. Jaza kidogo kidogo, ukipima katikati. Rudisha kifuniko cha valvu, kwani mchanga ukiingia kwenye sindano, upepo huvuja polepole. Tairi lililotoka safarini linaweza kusoma psi 4 zaidi au hata kupita hapo. Ukilipunguza likiwa moto, kesho litakuwa pungufu.

Wengi huogopa kupanda, kumbe kazi iko kwenye kushuka. Ukijaza psi 33 kwenye mita 3,000 mchana wa nyuzi 18, kisha ukafika pwani asubuhi yenye nyuzi 22, utakuta psi 29 tu. Tairi pungufu hukunjika ubavuni kila linapozunguka na kupata joto. Kukiwa na mzigo na mwendo mkali, linaweza kupasuka. Kwa hiyo ukishafika chini, acha gari lipoe, pima upya, ongeza.

Spea pia. Zile nyembamba za muda nyingi huhitaji psi 60, na ndizo husahaulika zaidi.